Mbuzi wa Sita wa Tumati Juu

Ijumaa, 14 Februari

Leo nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji ambacho hakipo. Naandika haraka kwa sababu bibi ameshaniita mara mbili nikachambue maharage.

Ilikuwa kipindi cha mwisho. Mwalimu Kissa, mwalimu wetu mpya wa fizikia kutoka Tukuyu, hakufungua kitabu. Aliweka mezani kopo tupu la maziwa ya unga na daftari kubwa la kaunta, jipya, akasema kuanzia leo hadi mwisho wa muhula Kidato cha Tatu chote kinahamia sayari ya Mirihi. Vicent akauliza kama nauli tunalipa wenyewe. Mwalimu akasema nauli imeshalipwa, tumeshafika, mwaka ni 2095, na nje ya mlango ule hakuna hewa. Nikatazama mlangoni. Mlinzi wa shule alikuwa anapita na jembe lake, nikamwonea huruma.

Sheria ni hizi. Tuko thelathini na tisa, katika nyumba kumi na tatu, watatu kila nyumba. Kila mtu ataandika ukurasa wa siku yake ya kule: anaamka saa ngapi, anakula nini, anagombana na nani. Mwalimu ataweka vema kwa kalamu nyekundu pamoja na tarehe, halafu mwenyekiti ataunakili kwa mwandiko safi kwenye daftari kubwa. Ijumaa fulani fulani mmoja wetu atachomoa karatasi kwenye kopo, na kila karatasi ni balaa. Tutaokoka kwa vitu tulivyokwisha kuviandika tu. Huruhusiwi kubuni chakula baada ya njaa kuingia. Anayekufa anahamia benchi la nyuma na hana sauti tena. Tukifika katikati ya Mei tukiwa hai ishirini au zaidi, tunakwenda kwenye maonyesho ya sayansi Mbulu mjini. Tukipungua hapo, daftari linafungwa na tunabaki.

Mbulu nimeshafika mara nyingi, kwa hospitali na kwa kununua sare. Sijawahi kufika nikiwa nimebeba kitu nilichokitengeneza mwenyewe. Nakitaka hicho kuliko kitu chochote mwaka huu.

Jina la kijiji lilitoka kwa Ernestina, rafiki yangu. Alisema kama kuna Yaeda Chini, sisi wa Tumati tuwe Tumati Juu. Darasa zima lilipiga meza. Kwa hiyo hapa ninapoandika sasa ni Tumati Chini.

Jumamosi, 15 Februari

Nimemweleza bibi yangu, Bibi Efrazia, habari za Mirihi.

"Kuna maji huko?"

"Yapo bibi, ila yameganda chini ya ardhi."

"Majani?"

"Hakuna."

"Nani alipachagua?"

Amekataa kwenda.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu amesema kule vitu ni vyepesi. Ndoo ya lita ishirini ingekuwa kama ya lita nane tu. Leo nimebeba ndoo mbili kutoka bombani na njia nzima nilikuwa naitamani roketi.

Ijumaa, 21 Februari

Kurasa za kwanza zimeingia, na jamani, watu wa darasa hili nilikuwa siwajui. Brightness, ambaye huwa hasemi, amefungua saluni. Ameeleza kwamba nywele zinasimama zenyewe kwa sababu ya ule wepesi, kwa hiyo anatoza zaidi kwa kuzilaza. Vicent ameanzisha timu ya mpira, lakini kila wakipiga golikiki mpira unapotea, kwa hiyo wamebaki wanacheza kete. Cornel ameandika harusi yake. Bibi harusi alichelewa kwa sababu kofia yake ya hewa haikuingia juu ya shela.

Tuligombana nusu saa: siku ya kule inazidi ya kwetu kwa dakika kama arobaini, sasa dakika hizo ni za nini? Cornel anasema ni za kulala. Mimi kama mwenyekiti nimeamua ni za usafi.

Nyumba zetu ni makuba ya kioo, kama picha aliyotuonyesha mwalimu kwenye simu. Nimezichora mimi kwa penseli za rangi.

Ijumaa, 28 Februari

Karatasi ya kwanza: tufani ya vumbi, wiki sita jua halionekani, umeme wa jua umekwisha. Nyumba nyingi zilikuwa zimeandika betri za akiba. Nyumba ya Joakimu na wenzake wawili iliandika kwamba betri zao zote ziko kwenye ukumbi wa kuonyesha mpira. Wamekufa wote watatu. Wamehamia benchi la nyuma wakiwa wanacheka, lakini kengele ilipolia nilimwona Joakimu bado amekaa kwenye lile benchi.

Tumebaki thelathini na sita.

Jumapili, 9 Machi

Bibi tena. Nilimwonyesha mchoro wangu wa makuba ya kioo. Akauliza kama watu wa huko hawana aibu, kukaa ndani ya chupa kila mtu anakuona ukivaa. Yeye alizaliwa kwenye nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo, na ng'ombe waliweza kupita juu msijue. Watu wabaya wakija wanaona kilima tu.

Nikaacha kijiko ndani ya uji. Mwalimu alisema hatari kubwa ya kule ni mionzi, na udongo mnene unazuia mionzi. Nimechora upya kijiji kizima leo leo, chote chini ya udongo. Bibi amesema nyumba ni nzuri lakini bado haendi.

Ijumaa, 14 Machi

Karatasi ya pili ilikuwa mionzi ya jua. Aliichomoa Ernestina. Mwalimu alifungua daftari, akaona nyumba zimechimbiwa tangu Jumatatu na vema yake mwenyewe ipo, akacheka mpaka akavua miwani. Hakufa mtu. Vicent alinibeba mgongoni kuzunguka darasa.

Nimeandika neno moja kwa herufi kubwa ukurasa wa mwisho wa shajara hii: MBULU.

Jumanne, 18 Machi

Mvua zimeanza. Matope hadi kifundoni.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeleta wazo langu kubwa na limepita. Ghala Kuu. Mbuzi wote, mbegu zote, viazi vyote vya Tumati Juu vinakaa mahali pamoja, ukuta mara tatu, mlango wa chuma, ufunguo kwa mwenyekiti. Nyumbani kwetu ni hivyo. Baba ana duka la vifaa hapa senta, na kila kitu chetu kiko ndani ya geti moja lenye kufuli, hatujaibiwa hata msumari.

Mikono yote ilinyooshwa isipokuwa wa Herman. Herman ni yule anayekaa karibu na mlango, anatoka mbali huko mabondeni, anafika na matope hadi magotini na ananukia moshi na maziwa. Anaongea taratibu mpaka unataka kummalizia sentensi.

Akasema, "Mbuzi wakikaa pamoja, wanaumwa pamoja."

Nikamwambia hii ni Mirihi, si zizini kwa baba yake. Watu walicheka. Nilijisikia vizuri.

Jumatano, 26 Machi

Nimekasirika. Herman hakuwepo siku ya kuandika kwa sababu mto ulijaa, kwa hiyo leo amenikabidhi ukurasa wake kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Mwalimu ameshaweka vema. Mimi kazi yangu ni kunakili. Nikaanza kuusoma:

"Naamka, nakoroga uji. Nyumbani kwangu hakuna mbuzi wangu hata mmoja. Wa kwanza yuko kwa Vicent. Wa pili yuko kwa Brightness. Wa tatu, wa nne na wa tano wako nyumba zinazofuata, na kila mbuzi nimempeleka na kibaba cha mbegu na viazi. Kwangu yuko mbuzi wa Cornel na kibaba chake. Mke wangu ananiuliza kwa nini sisi hatuna kitu. Namwambia tuna vitu kila nyumba."

Sikuendelea. Kwanza ni ubishi, maana Ghala limeshapitishwa. Pili ni aibu. Hayo ya kuweka mfugo wako kwa mtu mwingine, naye anywe maziwa, wewe ubaki unamtembelea, ni mambo ya wazee. Bibi mwenyewe ana ng'ombe wake yuko kwa watu mpaka leo, na kila siku baba anamwambia amrudishe. Sasa niende Mbulu mjini nikaseme tumevuka anga yote na mambo hayo hayo?

Nimeiweka karatasi kwenye rundo la makaratasi chakavu jikoni. Kama kuna atakayeuliza, mvua imeilowesha.

Alhamisi, 27 Machi

Herman ameuliza, "Umenakili?" Nikasema ndiyo. Akasema asante, kwa upole ule ule.

Ijumaa, 4 Aprili

Likizo fupi. Mahindi yanapaliliwa. Mikono ina malengelenge.

Jumatatu, 14 Aprili

Bado mvua. Bodaboda anayembebea baba mizigo ameanguka kwenye tope na misumari kilo tano.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Tumekula wali na kuku. Nimepiga hesabu: mwaka wa Mirihi unakaribia miwili ya kwetu. Kule mimi nina miaka tisa. Bibi ana miaka themanini ya hapa, kule ana arobaini na miwili. Nilipomwambia alifunga vizuri kitambaa chake kichwani, akauliza kama kule kuna wanaume wa rika hilo. Mama alimwagikiwa na chai. Lakini bado haendi. Anasema mahali ambapo kila mtu amejifungia na kufuli ataongea na nani.

Ijumaa, 25 Aprili

Mungu wangu.

Cornel ndiye aliyechomoa. Alisoma kwa sauti ya mtangazaji, halafu sauti ikaisha katikati. Jiwe kutoka angani limepiga Ghala Kuu. Ukuta wote mara tatu umepasuka. Kila kilichokuwemo kimetupwa nje na kuganda.

Mwalimu Kissa hakufurahi. Alisema aliikunja karatasi ile mwezi wa kwanza, kabla hajatujua. "Hesabuni kilichokuwa nje ya ghala," alisema. "Nyumba yenye mbegu na mfugo inaishi. Isiyo na kitu haifiki mavuno."

Tuligombania daftari kama watu wanaozama. Brightness alikuta ua moja kwenye chungu, pale saluni. Cornel alikuta kipande cha keki ya harusi. Kurasa zote, mwandiko wangu mzuri kabisa, na kila mtu ameandika alivyopeleka mali yake ghalani. Nyumba hai: sifuri.

Hapo Herman akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbuzi wangu hawakuwa ghalani."

Watu wote wakageuka. Mwalimu akafunua daftari kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu. "Ukurasa wako siuoni, Herman."

"Niliandika. Wewe uliweka vema."

"Nakumbuka mbuzi," mwalimu akasema. "Lakini sheria tuliiweka wote, ni karatasi. Kama ipo, iletwe Ijumaa ijayo. Isipokuwepo, nitafunga daftari."

Herman alinitazama. Hakusema kwamba alinipa mimi. Angesema neno moja tu ningekwisha pale pale, na hakulisema. Mimi nilitazama dirishani kama mtu anayesubiri gari.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepekua rundo lote la jikoni. Haipo. Kuna risiti za duka, kuna kalenda ya mwaka juzi, kuna barua ya mwaliko wa harusi. Ukurasa wa Herman haupo.

Jumapili, 27 Aprili

Kanisani nimesali kwa ajili ya kijiji cha kufikirika. Sijui kama inaruhusiwa.

Nimelala mchana, nimeota Brightness anafunga saluni na kunipa ufunguo.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeipata nusu.

Nilikuwa namsaidia bibi kuvaa sweta. Alichomoa ugoro wake kwenye pindo la kanga na karatasi aliyofungia ilikuwa na mistari ya daftari la hesabu. Nikaona neno "Brightness". Nilimpokonya, Mungu anisamehe, ugoro ukamwagika wote mapajani mwake.

"Unaumwa?" bibi akauliza.

"Bibi, hii karatasi umeitoa wapi?"

"Kwenye makaratasi yenu. Niliikata vipande viwili, vya ugoro."

"Na kingine?"

"Nilimfungia rafiki yangu Tekla ugoro wake."

Hiki nilichonacho ni nusu ya juu. Kina mbuzi watano kwenye nyumba tano, na nyumba ya Herman mwenyewe yenye mbuzi wa Cornel. Nyumba sita, watu kumi na nane. Na vema nyekundu haipo, iko chini. Kumi na nane si ishirini, na bila vema hata hao kumi na nane si kitu.

Bibi alikung'uta kanga yake. Kisha akataka nimsomee kilichoandikwa, nikamsomea.

"Kijana wa nani huyu?"

Nikamtajia.

"Na wewe ulimfanyia nini?"

Nilimwambia yote. Nilidhani atanigombeza. Alisema tu, "Ng'ombe wangu na uzao wake wako kwa watu tangu baba yako anatambaa. Mwaka ule wa ugonjwa, zizi letu lilibaki tupu kabisa. Baba yako alinyweshwa maziwa ya huyo aliyekuwa mbali, ndiyo akafika kufungua duka." Halafu akaniamuru nikachote ugoro mwingine kwenye kopo lake.

Ninaandika huku naona haya. Hilo sikuwahi kuambiwa, au niliambiwa nikiwa sisikilizi.

Jumatano, 30 Aprili

Bibi Tekla anakaa ng'ambo ya korongo. Nimekwenda baada ya shule, mvua inapiga, viatu mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeanguka mara ngapi?"

"Mara mbili. Bibi, nakuomba ile karatasi aliyokufungia bibi yangu ugoro."

Alinitazama sana. Akasema karatasi ni yake, ugoro ni wake, na maji yake yamekwisha. Nikachota ndoo nne, kupanda na kushuka lile korongo. Ningekuwa Mirihi ningebeba mbili mbili nikiimba. Ndoo ya nne ilipoujaza mtungi, akafungua kifundo cha nguo yake, akahamishia ugoro kwenye kopo na kunipa karatasi, imechakaa, kahawia, laini kama kitambaa.

Vema ipo. Tarehe ipo, 26 Machi. Na juu yake kuna mistari ambayo sikuwahi kuifikia, kwa sababu niliacha kusoma:

"Wa sita nimempeleka kwa mwenyekiti Gaudensia. Hajui kutunza mbuzi lakini ni mtu wa bidii, atajifunza. Jioni nitapita kumsalimia yeye na mbuzi."

Nilikaa kwenye jiwe la mlangoni kwa Bibi Tekla nikalia. Alinipa ugoro kidogo akisema utasaidia. Nilipiga chafya mpaka nyumbani.

Nyumba sita na yangu. Saba. Watu ishirini na mmoja.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi, hakuna shule. Nimeandika mara nne maneno ya kusema kesho na mara nne nimeyachana. Ningeweza kusema niliiokota. Ningeweza kusema imekwama kati ya kurasa. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Herman, na Herman hasemi.

Ijumaa, 2 Mei

Nimesema.

Nilisimama mbele, kwenye nafasi ya mwenyekiti, nikaweka vile vipande viwili mezani kimoja chini ya kingine. Walioko mstari wa mbele walianza kupiga chafya. Mwalimu alichukua kitambaa, akainama, akakagua vema yake kwa muda mrefu. Nikasema: "Karatasi hii Herman alinipa. Sikuinakili kwa sababu niliionea aibu. Niliitupa. Aliponiuliza nilimdanganya. Ijumaa iliyopita nilikaa kimya mkidhani ni yeye mwongo." Nilisema hivyo hivyo, bila kupumua, kama mtu wa Mirihi aliyesahau kofia.

Kwanza walipiga hesabu, nashukuru. Mwalimu alisoma kwa sauti, nyumba moja baada ya nyingine, na watu wa nyumba hiyo walisimama. Vicent alisimama akisema, "Aliniambia ameniletea mbuzi, nikamcheka." Brightness alisimama na ua lake. Herman mwenyewe na wenzake walisimama kwa mbuzi wa Cornel, aliyekubali kumweka kwao kwa andazi moja wakati wa mapumziko. Kumi na nane. Wengine wote walikuwa wanatazama karatasi, benchi la nyuma lote limenyoosha shingo. Mwalimu akasoma mstari wa mwisho, ule wa mbuzi wa sita. Nikasikia viti viwili nyuma yangu vikisogea. Ni Ernestina na Gaspari, wa nyumba yangu, wamesimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

Ishirini na mmoja.

Kelele ilivyokuwa sitaweza kuiandika. Mwalimu mkuu alikuja mlangoni, akaambiwa kijiji kimeokoka, akaondoka. Hata marehemu walishangilia, na mwalimu akasema leo wanaruhusiwa.

Halafu ikaja zamu yangu. Mwalimu akasema hilo ni la kijiji, si la mwalimu, akaenda kukaa nyuma kati ya wafu. Vicent ndiye aliyeanza. Alisema kwa wazee wetu mtu aliyewadhuru wenzake anatengwa. Hasalimiwi, haombwi moto, haazimwi jembe, mpaka alete kitu cha kuomba radhi. Wengi waliitikia. Nilikubali moyoni, nilistahili.

Brightness akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba hewa ya kule inazunguka nyumba zote kwa bomba moja. Ukimtenga mtu unafunga bomba. Ukifunga bomba umemuua.

"Basi atengwe bila kufunga bomba," Vicent akasema.

"Na ufunguo wa bomba la nyumba yako uko kwa nani?" Ernestina akamuuliza. Vicent akafungua ukurasa wake. Uko nyumbani kwangu, alikwisha kuandika hivyo mwezi wa pili.

Wakabishana mpaka Herman akanyoosha mkono. Kwa mara ya kwanza nilisubiri sentensi yake bila kutaka kuimaliza.

"Mbuzi wangu yuko kwake," alisema. "Mkimtenga yeye mmemtenga na mbuzi. Mimi nitampitia nani jioni?"

Darasa likacheka, na hasira ikatoka humo humo. Wameamua hivi: uenyekiti nimevuliwa, amepewa Herman. Nanakili kurasa zote upya, hata za waliokosa shule kwa mafuriko au ugonjwa, hakuna kuruka hata mstari. Ghala Kuu halijengwi tena. Na mbuzi wa sita anabaki kwangu, na akizaa, mtoto wa kwanza nampeleka kwa Vicent.

Kengele ilipolia nilimwambia Herman samahani. Akasema, "Mbuzi anakula?" Nikasema anakula majani ya viazi. Akasema, "Basi."

Nimefurahi mpaka siwezi kula. Sijui nimepoteza cheo au nimepata nini.

Jumatano, 7 Mei

Nanakili. Kidole kina sugu.

Jumanne, 13 Mei

Kila mtu sasa anaandika ana kitu kwa nani. Brightness ameweka kitana chake cha pili kwa Cornel. Vicent ameweka mpira. Nimelazimika kuchora kijiji upya kwa mistari kutoka nyumba hadi nyumba, na mistari imekuwa mingi hata nyumba zenyewe hazionekani vizuri.

Jumamosi, 17 Mei

Tumefinyanga kijiji kwa udongo wa korongoni. Vilima vidogo kumi na vitatu. Herman amefinyanga mbuzi saba, wazuri mno, sijui alijifunzia wapi. Mvua zimeisha.

Ijumaa, 23 Mei

Tumekwenda.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa ngano lilitubeba saa kumi na mbili asubuhi, hai ishirini na mmoja na marehemu kumi na nane, ambao walikataa kabisa kubaki. Tuliimba njia nzima. Mimi na Ernestina tulishika ubao wa kijiji magotini, na kila lori likiruka nililala juu ya mbuzi nisimwache aanguke.

Ukumbi ulijaa shule za wilaya nzima. Wengine walileta mashine ya kupukuchua mahindi, wengine jiko la kutumia pumba. Tulipoweka kijiji chetu mezani, kikundi kimoja cha mjini kilikuja kuchungulia, mmoja akasema, "Hawa wamepeleka mbuzi Mirihi." Mwezi wa tatu ningekufa kwa aibu. Leo nilimwambia asogee aone vizuri, ni saba.

Jaji alikuwa mama mmoja mhandisi, mkali, ana kalamu nyuma ya sikio. Alizunguka meza mara mbili.

"Ghala lenu la chakula liko wapi?"

Herman alijibu taratibu, kama kawaida yake. "Limo ndani ya nyumba za watu."

"Jiwe likipiga nyumba moja?"

"Watu wa nyumba hiyo tutalia kwa ajili yao. Lakini mali yao ipo kwa wengine, na watoto wao watakula."

 Jaji alifuata mistari kwenye mchoro wangu kwa kidole, kutoka nyumba hadi nyumba, kama mtu anayesoma ramani ya njia za nyumbani. Kisha akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa na daftari kubwa kifuani.

"Wewe ndiye mwenyekiti?"

"Hapana."

"Una kazi gani katika kijiji hiki?"

"Natunza mbuzi wa Herman," nikasema.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Jaji alichomoa kalamu nyuma ya sikio akaandika, na Herman alitazama viatu vyake akitabasamu.

Tumekuwa wa pili. Mashine ya mahindi imeshinda, na inapukuchua kweli, nimeijaribu. Daftari letu wamelibakiza kule mjini wiki mbili watu walisome. Tulirudi usiku umeanza kuingia, na nyota nyekundu ilikuwa juu upande wa magharibi. Mwalimu Kissa alisimama kwenye lori akatuonyesha. Sote thelathini na tisa tukaipungia mikono.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya misa nimemsimulia bibi yote, mpaka swali la jaji na nilivyojibu. Alikuwa anapepeta mahindi. Aliendelea kupepeta muda mrefu.

"Kwa hiyo una mfugo wa mtu huko."

"Ndiyo, bibi."

"Na mwenyewe anapita jioni kumwangalia."

"Kila jioni."

"Huyo mbuzi ana maziwa?"

"Anayo."

Akaweka ungo chini. "Basi niandike," akasema.